Likizo ya Vidole

Mke wangu alitangaza mgomo wakati wa chai ya asubuhi, nikiwa sijamaliza hata nusu kikombe. Alisema kuanzia siku ile hatagusa maji, sabuni, wala kikombe alichonywea mwenyewe, mpaka uchaguzi upite. Kisha akakisukuma kikombe chake upande wangu, akaweka mikono mapajani na kutulia kama mgeni aliyekaribishwa.

Nilidhani ananitania. Mtu aliyefua nguo za watu maisha yake yote haamki tu akaiacha kazi kama anavyovua kandambili mlangoni. Sisi ni madobi. Katika kazi yetu maji ni yake na moto ni wangu. Yeye analoweka, anafikicha, anasuuza na kuanika. Mimi nawasha mkaa, napiga pasi, nakunja na kuwapelekea wenyewe. Mtaani yeye ni Mama Povu na mimi ni Mzee Pasi, na majina tuliyopewa na wazazi wetu yamebaki kwenye kadi za kupigia kura. Sikuwahi kutia mkono kwenye beseni lake, naye hakuwahi kugusa pasi yangu. Ndoa yetu imedumu kwa kuuheshimu mpaka huo.

"Sasa nani atafua?" nikamuuliza.

"Mwenye mikono," akasema, akageukia dirisha.

Naomba nieleze kisa chenyewe, maana mtu akisikia hivi hivi ataona mama huyu kazeeka vibaya. Uchaguzi uliopita tulikwenda kituoni pamoja. Mimi nilitangulia, kidole changu kikasomwa, nikapiga kura yangu na kutoka kumngoja getini. Nilingoja sana. Kumbe huko ndani aliweka kidole gumba kwenye kile kioo cha mashine, ikawaka taa nyekundu. Akaweka cha shahada, nyekundu. Wakamwambia abonyeze kwa nguvu, wakamwambia abonyeze taratibu, wakamfuta kwa kitambaa, akavimaliza vidole vyote na taa ni ile ile. Siku alipoandikishwa, zamani, vilisomeka vizuri tu. Lakini sabuni na maji havina huruma, vilikuwa vimeila ile mistari ya vidoleni mpaka ngozi ikabaki laini kama kigae. Msimamizi akamwambia mashine haimtambui, arudi nyumbani, anakwamisha foleni.

Alitoka bila wino kidoleni. Tulipofika aliyachukua mashuka ya nyumba ya wageni, yaliyokuwa yameshafuliwa na kukauka, akayafua upya.

Diwani wetu alishinda mwaka ule kwa kura za kuhesabu, na mke wangu hajasahau kwamba moja iliyopungua ilikuwa yake. Miezi michache baada ya ushindi, bomba la kona ya mtaa likakauka. Wakati huo huo likaanza kupita gari la maji, jeupe, na kila mtu anajua gari lile ni la nani. Tangu hapo tunanunua maji kwa ndoo, kwa bei anayoipenda yeye. Kisha mashati yake meupe yanaletwa kwetu tuyafue kwa maji hayo hayo aliyotuuzia. Hebu niambie kama hilo ni jambo la kumeza na chai.

Mwaka huu, wakati wa kuhakiki majina, mke wangu alimkuta binti mmoja mpole kwenye meza ya uandikishaji. Mashine ilipokataa, binti akavitazama vidole vyake, akamwambia kuwa ngozi inaota, mama, ukiipa nafasi. Apumzishe mikono majuma kadhaa, asiguse sabuni, apake mafuta, na ile mistari ya zamani itarudi. Mke wangu alilipokea neno hilo kama dozi ya daktari. Alihesabu majuma nyuma kutoka siku ya uchaguzi, na dozi ikaangukia asubuhi ile, juu ya chai yangu.

Utaniuliza, na glavu je? Tulizijaribu. Mke wangu anasema hawezi kufua kitu asichokigusa, doa analisikia kwa vidole kabla hajaliona kwa macho, na ndani ya glavu mikono inatota jasho hadi inajikunja. Mimi nilizivaa. Za kwanza zilichanika kwenye zipu ya suruali ya fundi magari, za pili zikayeyuka nilipozisahau karibu na pasi. Na pesa za kumlipa mtu mwingine atufulie hatuna, kwa hiyo nikakunja suruali na kukaa kwenye kigoda cha mke wangu.

Jamani, mtaa ulipata sinema ya bure. Watu waliokuwa hawajatusalimia mwaka mzima walipita kutusalimia. Mwashi wa nyumba ya tatu, mtu wa maneno mengi, aliniuliza kama nimeolewa na kama mahari ilikuwa nzuri. Nikamjibu kwamba mahari ilikuwa nzuri kuliko ukuta aliomjengea mama mkwe wake, ambao mtaa mzima unajua uliinama kabla haujapakwa rangi. Nilijikaza kisabuni. Siku ya kwanza mgongo ulinikatika, siku ya pili nilichanganya soksi nyekundu na sare za wauguzi, na tangu siku hiyo nikawekewa msimamizi.

Msimamizi alikuwa yeye. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, mikono inang'aa mafuta, akitoa amri. Kola kwanza. Usiisugue, ifikiche. Hiyo hujasuuza, hiyo umeibatiza tu. Mara nyingine nilimwona mikono inamcheza mapajani, inafikicha hewa. Kukaa bure kulimuumiza kuliko kazi yenyewe, na jioni alikuwa ananinyooshea vidole niviangalie karibu na taa. Mistari ilikuwa inarudi, myembamba, inazunguka kama njia za sisimizi. Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Yakabaki majuma mawili na ushei. Ndipo akaja Kivuli.

Kivuli ni mpambe wa diwani, na jina hilo amepewa kwa sababu humwoni popote mpaka umwone bosi wake. Siku hiyo alikuja peke yake na mfuko mkubwa wa nguo. Alinikuta nimezama kwenye povu, akacheka mpaka akashika kiuno. Akaeleza kwamba mle ndani ni mashati ya mheshimiwa na suti ya mkutano wa kufunga kampeni, yote yatoke meupe pe, na wanga kwenye kola kama kawaida.

"Mwambie mheshimiwa vidole vyangu viko likizo," mke wangu akasema.

"Likizo ya nini, mama?"

"Vinajiandaa kupiga kura."

Kivuli akatabasamu kwa meno yote, akasema basi hilo ni jambo jema, tena ndiyo sababu ya kumtakatisha mheshimiwa wetu. Mke wangu akamtazama kwa upole kabisa.

"Sikusema vinampigia yeye."

Tabasamu likamganda usoni. Akanigeukia mimi, kama vile mke wangu amekuwa kiti kile kile alichokalia, akasema sisi wanaume tunaelewana, nguo zenyewe si nyingi, nizichukue tu yaishe. Nikiri kwamba mkono wangu uliusogelea ule mfuko, maana mkono wa mfanyabiashara huwa hauombi ruhusa. Lakini nikatazama ile ndoo ya maji niliyoinunua kwa huyo huyo mwenye mashati, nikaurudisha mkono. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi, nimeshaharibu sare za wauguzi, na nisingependa mheshimiwa apande jukwaani amevaa rangi ya waridi. Achukue mfuko wake.

Aliuchukua. Alipofika kwenye kona akasimama na kusema, kwa sauti ya mtu anayetoa salamu, kwamba ule uwanja tunaoanikia nguo ni wa halmashauri. Akaongeza kwamba zile kamba zetu pale hazina kibali cha mtu yeyote.

"Zilikuwapo kabla ya bosi wako," mke wangu akamjibu, "na zitakuwapo baada yake."

Uwanja wenyewe ni kipande cha ardhi nyuma ya soko, chenye nguzo za zamani ambazo hakuna anayekumbuka zilikuwa za nini. Tumefunga kamba zetu pale tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Hatujawahi kumzuia mtu kupita wala kumwomba mtu asipite. Ukituondolea uwanja ule umetuondolea kazi, kwa sababu nyumba yetu ni vyumba viwili na uchochoro, na shuka la kitanda kikubwa halikauki uchochoroni.

Siku chache baadaye nilikuwa nimeanika mashuka yote ya nyumba ya wageni, mzigo mkubwa kuliko wote wa mwezi. Nikarudi nyumbani kuwasha mkaa. Nilipokwenda kuyaanua nilizikuta kamba zimekatwa, zote, kwa kisu, karibu na nguzo kabisa ili zisifungike tena. Mashuka yalikuwa chini kwenye tope. Na tope lile halikutoka mbinguni, maana mvua haikuwa imenyesha. Lilitoka kwenye gari la maji, ambalo huwa linavuja hapo linapogeuza, na siku hiyo lilikuwa limegeuza mara nyingi kuliko kawaida, juu ya mashuka yetu. Alama za matairi zilikuwa zinasomeka kwenye foronya.

Watu wa soko walikuwa wameona. Walininong'oneza kwamba alikuwa Kivuli na wenzake, mchana kweupe, wakicheka. Nilikusanya ule mzigo nikaubeba kichwani, tope likinichuruzikia shingoni, nikiwatukana kwa matusi ambayo sitayaandika hapa.

Mke wangu aliutazama mzigo kwa muda mfupi tu. Akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, akakunja mikono ya gauni, akalivuta beseni. Mashuka yalikuwa yanatakiwa kesho yake, wageni walikuwa wanafika, na tukiipoteza nyumba ya wageni tumekwisha. Alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Tope la mafuta ya gari halitoki kwa sabuni ya kawaida, linataka dawa kali na mikono inayojua kazi. Alishainama. Nikamshika viganja vyote viwili kabla havijagusa maji.

"Usiguse."

"Niache. Wewe hutayaweza haya."

"Nimekwambia usiguse. Hiki ndicho wanachokitaka. Wanataka uviue mwenyewe kwa mkono wako."

Alinitazama, na machozi yakamlenga, ya hasira. Hakuwa amelia siku mashine ilipomkataa, wala alipomzika kaka yake hakulia mbele za watu. Nilimrudisha kwenye kiti. Nikamwambia leo ataniamuru tu, na mimi nitafuata kila neno.

Nilifuata karibu kila neno. Aliniambia dawa ya madoa niichanganye na maji mengi, lakini maji tuliyokuwa nayo yalikuwa kidogo na gari halikusimama kwetu siku hiyo, nadhani unajua kwa nini. Kwa hiyo nikaichanganya na maji yaliyokuwapo. Glavu sikuwa nazo tena. Nikafikicha mashuka yale mchana wote, moja baada ya jingine, harufu ya dawa ikinitoa machozi, na mikono ikiwaka kama nimeshika makaa badala ya mpini wa pasi. Tuliyaanika kwenye kuta za majirani. Mwashi, yule mwenye maneno mengi, alikuja na ngazi yake bila kuitwa, akafunga kamba kutoka dirisha lake hadi letu, na safari hii hakunitania. Kesho yake mashuka yalifika kwa mwenyewe yakiwa meupe.

Mikono yangu ilivimba, kisha ikaambuka ngozi kama kiazi kilichochemka. Mke wangu alinipaka mafuta yake, yale ya vidole vya kupigia kura, akinisema kwa nini sikusikia habari ya maji mengi. Nilichokuwa nawaza mimi ni pasi tu, kama nitaweza kuishika. Hakuna kati yetu aliyewaza jambo jingine lolote.

Siku ya uchaguzi tulivaa nguo zetu nzuri, zilizofuliwa na mimi na kupigwa pasi na mimi. Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Mawakala wa vyama walikuwa wamekalia madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, na mmoja wao alikuwa Kivuli, wakala wa diwani. Alipotuona akajifanya anasoma ubao, ambao ulikuwa mtupu. Nyuma ya meza alikaa msimamizi, kijana nadhifu mwenye tai na chupa ya maji, mashine iko mbele yake.

Mke wangu alitangulia. Aliutoa mkono wake mfukoni taratibu, mkono ambao kwa majuma mengi haukushika hata sufuria, akaweka kidole gumba kwenye kioo. Taa ikawaka kijani.

Hakurukaruka wala hakushangilia. Alikitazama kile kidole kama mtu anayemtazama mwanawe amefaulu mtihani. Wakampa karatasi zake za kura, akasogea pembeni kuelekea kwenye vibanda vya kadibodi vya kupigia. Nikaja mimi, kifua mbele, nikaweka kidole changu.

Nyekundu.

Nikaweka kingine. Nyekundu. Nikajaribu vyote, vya kulia na vya kushoto, na ile taa ikanitazama kwa jicho lile lile. Ndipo nikaviangalia vidole vyangu. Vilikuwa laini, vyeupe, havina hata mstari mmoja. Tulikuwa tumevilinda vya mke wangu dhidi ya dunia nzima, na vyangu tukavitumbukiza wenyewe kwenye dawa.

"Mzee, mashine haikutambui," msimamizi akasema. "Rudi nyumbani tu, unakwamisha foleni."

Yalikuwa maneno yale yale. Labda wanafundishwa mahali pamoja. Na mimi, nitasema ukweli, nilianza kugeuka. Nilijiambia si neno, aliyetaka kura hii ni yeye, na yeye ameipata, na kura moja nyumbani inatosha. Nilikuwa nimeshaushika mlango kwa macho niliposikia miguu yake inarudi.

Alikuwa hajaingia kibandani. Alikuja akasimama mbele ya meza, karatasi zake mkononi, wazi, hazijaguswa.

"Hizi zangu sizitumbukizi mpaka yeye apewe zake."

Msimamizi akamweleza kwamba haruhusiwi kutoka na karatasi za kura, ni kosa la jinai. Mke wangu akamwambia hana mpango wa kutoka. Akavuta dawati lililokuwa karibu, akakaa, karatasi juu ya magoti, kwa ule ukaaji wa mtu mwenye uzoefu wa majuma mengi ya kukaa. Kijana akamwita askari wa mlangoni. Askari, mtu mzima mwenye mvi, akasogea hatua mbili na kusimama, akionekana hapendi hata hizo mbili alizopiga.

"Mume wangu amefua kwa mikono yake ili mimi nipate vidole," mke wangu akasema. Hakupaza sauti. "Vyake viliungua mahali pa vyangu. Mkimrudisha yeye, mmenirudisha mimi mara ya pili, na mara ya pili siendi."

Nyuma yangu, kwenye foleni, nikasikia sauti ya mwashi. Aliinua viganja vyake juu, vimepasuka kwa saruji, akauliza kama na yeye arudi nyumbani sasa hivi au angoje kwanza aitwe. Mama mponda kokoto aliyekuwa nyuma yake akainua vyake. Wakainua na wengine. Hakuna aliyesukumana wala kupiga kelele, na hakuna aliyetoka kwenye mstari. Mlango ulikuwa umejaa mikono.

Mimi nikaliachia lile wazo langu la kuondoka. Nikarudi mbele ya meza, nikasimama karibu na mke wangu. Nilikuwa na hasira na msimamizi, na mashine, na gari la maji, lakini zaidi nilikuwa nimekasirika kwamba karibu niondoke kwa adabu.

Askari ndiye aliyeinama, akamwuliza kijana kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana: "Bosi, kwani mwongozo unasemaje mtu akikataliwa na mashine?"

Mwongozo ulikuwa pale pale mezani, chini ya chupa ya maji, umeshaacha duara la unyevu kwenye jalada. Kijana akaisogeza chupa. Akafungua, akasoma, akarudia kusoma, na masikio yake yakabadilika rangi. Halafu akasafisha koo, akasema ulikuwapo utaratibu. Mashine ikishindwa, mpigakura anaonyesha kadi, sura yake inalinganishwa na picha, mawakala wanaulizwa kama wanamfahamu, anatia saini, anapewa haki yake. Basi. Ni hayo tu.

Nikatoa kadi yangu. Picha ikalingana, ukiondoa mvi. Wakala wa kwanza akasema ananifahamu, wa pili akasema nimempigia pasi suruali ya harusi. Wa tatu alikuwa Kivuli.

Kivuli alinitazama, akaitazama dari, akasema hanifahamu kivile.

Mlangoni watu wakaguna. Mke wangu hakuguna. Aligeuka pale kwenye dawati lake, akamtazama usoni.

"Kama humfahamu, zile kamba ulizozikata zilikuwa za nani?"

Wote walikuwa wanajua, soko zima liliona, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia usoni. Kivuli aliwatazama watu wa mlangoni kama anatafuta wa kumtetea, na wa kumtetea siku hiyo alikuwa kituo kingine. Shati lake lilikuwa na mstari mzuri wa pasi mikononi, na mstari ule ulikuwa wangu.

"Namfahamu," akasema. "Ni Mzee Pasi." Msimamizi akamwambia ataje jina la kwenye kadi, akalitaja, lote, na la babu yangu akaongeza.

Nikatia saini. Nikapewa karatasi zangu. Mke wangu akasimama, lakini badala ya kwenda kibandani akamwuliza kijana swali moja la mwisho, kama huo utaratibu ulikuwapo uchaguzi uliopita. Kijana akajitetea kwamba uchaguzi uliopita yeye hakuwa kituo hiki.

"Sikuulizi wewe. Nauliza utaratibu."

Alilitazama lile jalada lenye duara la maji, akatazama chini. "Ulikuwapo, mama."

Nilidhani ataanguka, au atalipuka. Miaka mitano ya ndoo za kununua, majuma yote ya kukaa kwenye kiti cha plastiki akifikicha hewa, mikono yangu iliyoambuka, na dawa yake ilikuwa imelala chini ya chupa muda wote. Akageukia foleni, akasema neno moja tu, "Mmesikia," na watu wakaitikia kwamba wamesikia.

Tukaingia kwenye vibanda vilivyopakana. Nilimsikia upande wa pili akikunja karatasi zake, kwa mkunjo uliolingana, kama wa mashuka. Nilimpigia nani? Hilo ni langu na kadibodi. Tulipotoka, mwashi alikuwa mezani akiwekewa kadi yake juu ya mwongozo uliofunguliwa, na msimamizi hakumwambia habari ya kukwamisha foleni.

Diwani alishinda. Afadhali niseme wazi, nisikupake mafuta. Kituo chetu kilimkataa, na kingine cha jirani, lakini kata ni kubwa na alirudi kwa kura chache kuliko zile za mwanzo. Habari ilipofika nilikuwa nawasha mkaa, nikalitupa koleo chini kwa hasira, nikasema basi tumefua bure. Nilimgeukia mke wangu nikitegemea anione ninavyoteseka.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, lile beseni lake mbele yake, wino ungali mweusi kwenye kidole. Pembeni alikuwa ameweka bunda la waya mpya, mnene, usiokatika kwa kisu, akaniambia niupeleke uwanjani nikaufunge kwenye nguzo zile zile kabla jua halijapanda. Mwashi ameshatangulia na ngazi. Kisha akaizamisha mikono yake ndani ya povu mpaka viwiko, na akafumba macho kidogo kwa raha.

Nikamkumbusha kuhusu vidole. Nilimwambia sasa mistari imerudi, pengine avitunze tu, mimi nimeshajua kazi, miaka mitano si mbali.

"Sivipumzishi tena kwa ajili ya mtu," akasema, tayari amelishika shati kwenye kola. "Uchaguzi ujao nitakwenda na mikono hii hii ninayofulia. Waisome wanavyojua wenyewe."